Jicho Lililolala

Daktari Kornelia alimwuliza Inspekta Romanus kama ameshakula. Romanus, bila kujua swali lilikuwa la mtego, akajibu kwamba amekula chapati na supu, tena ya utumbo. Daktari akamsikitikia. Kisha akafunua sahani ya bati iliyokuwa mezani.

Ndani yake kulikuwa na kipande cha mshipa kilichopasuliwa kwa urefu na kulazwa wazi. Kilitoka kwenye shingo ya Paskali, fundi seremala wa Nakwa, ambaye alikuwa amezikwa Sigino bila kipande hicho.

Romanus hakuwa na muda wa kutapika. Paskali alianguka asubuhi akiwa mezani kwake, kikombe cha chai mkononi, na hakuamka tena. Chai aliipika mkewe, Xaveria, ambaye majirani walimwita Mama Fabiola, na majirani hao hao walikuwa wamemwona akichemsha majani kwenye sufuria. Kwa ndugu wa marehemu hiyo ilitosha kabisa. Mdogo wake Paskali, Sylvesta, alimtaja shemeji yake mbele ya kaburi, padri akiwa bado hajavua stola. Chupa ya chai ilipelekwa kwa mkemia Dar es Salaam, na majibu yangekuja yatakapokuja. Tangu Babati ifanywe makao makuu ya mkoa mpya, mji ulikuwa umepata maofisi, wageni, wakubwa na mnara wa simu, ila majibu ya maana yalikuwa bado yanatoka mbali.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Ukoo mzima ulikuwa umeteremka kutoka Mbulu. Xaveria alikuwa amefungiwa chumbani na wakwe zake, na mlangoni alisimama Koplo Vailet, peke yake. Alikuwa amempigia Romanus simu asubuhi kumwambia kwamba vijana wameviringisha tairi kuukuu mpaka getini, na kwamba hakuna gari lolote la kulivaa.

Romanus alikuwa anaogopa. Alishawahi kufika mahali pa namna hiyo baada ya mambo kwisha, na mpaka leo harufu ya mpira unaoungua humtoa nje ya chumba.

"Ni sumu?" akauliza.

"Sumu haichani mshipa wa shingo, Inspekta." Daktari akaelekeza kwa ncha ya koleo. "Huu utando wa ndani, unauona? Ni mwembamba kuliko ule unaokuta ndani ya ganda la yai. Damu inapita juu yake mchana na usiku, na wenyewe unahisi inavyousugua. Pale damu inapokwenda moja kwa moja, chembe za utando zinalala kufuata mkondo, kama majani ya mferejini maji yakiwa yanatembea. Zikilala hivyo, utando unateleza, na damu haigandi."

"Na hapa?"

"Hapa umechanika. Padogo tu, kama ukucha. Lakini kila moyo ukipiga, damu inasukuma. Imeingia chini ya utando, imeuinua, imeuchana mbele zaidi. Nyuma ya mpasuko damu imepoteza njia, inazunguka pale pale. Utando ukisuguliwa ovyo ovyo namna hiyo unabadilika tabia. Unaanza kunata." Akagusa bonge jeusi kwa koleo. "Ndiyo hii. Damu iliyoganda. Kipande chake kilikatika kikapanda kwenye ubongo, naye akaanguka."

"Akiwa anakunywa chai."

"Angeweza kuwa anafunga kamba za viatu."

"Kwa hiyo palichanika asubuhi ile ile?"

"Hapana. Bonge hili chini limeshakuwa gumu, limeanza kushikana na mshipa. Juu bado laini. Limejengeka tabaka juu ya tabaka, kwa siku nyingi. Chai ilimkuta mgonjwa tayari."

Romanus alitaka kumkumbatia daktari. Xaveria hakuua mtu! Alishanyanyuka kitini, kofia mkononi, alipokumbuka watu atakaokwenda kuwaambia.

"Utakuja uwaeleze watu wa Nakwa?"

"Nitaandika ripoti."

"Daktari, wale wameleta tairi. Hawatasoma ripoti. Wataniuliza nani alimchana."

Daktari Kornelia akavua miwani. "Shingo iligeuzwa kwa nguvu, ghafla. Basi."

"Sylvesta na kaka yake walishikana mashati kuhusu shamba la Sigino. Koplo wangu amelisikia hilo."

"Watu wakipigana wanabaki na alama. Nilimkagua huyu mwili mzima. Hakuwa na mchubuko wala alama ya kucha, na hakukabwa. Aliyemgeuza alimshika vizuri, naye hakujitetea. Tafuta mtu ambaye Paskali alimwachia shingo yake."

Romanus akakaa tena. Furaha yote ilimwisha. Mwanamume humwachia nani shingo yake kama si mkewe? Akipeleka maneno hayo Nakwa, atakuwa amewapelekea na kiberiti.

"Kingine," daktari akasema. "Kuna mtu aliyeona jicho lake likilala? Upande wa kushoto. Kope linashuka nusu, na mboni inakuwa ndogo."

"Mkewe alisema. Ndiyo sababu alichemsha majani, kumtibu kichwa na jicho. Ndugu wakasema jicho hilo ndilo alama ya kurogwa." Romanus alikuwa ameyasikia maelezo hayo kwa sikio moja, akidhani mama wa watu anajitetea tu.

"Alisema kweli. Mshipa mdogo wa fahamu unaoinua kope hupanda pamoja na huu mshipa wa damu. Huu ukivimba, ule unabanwa, na jicho linalala. Angeletwa hapa siku hiyo, pengine tungemwahi kwa dawa ya kuzuia damu isigande."

Romanus alishika kidevu chake kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, alivyozoea siku hizi kila akili ikikwama, akaanza kugeuza shingo ili ilie.

Akaganda hivyo hivyo, kidevu mkononi.

Pale chumba cha maiti alikuwa ameona kisogo cha Paskali. Kilikuwa kimechongwa mstari ulionyooka kama wa rula. Mji mzima wa Babati ulikuwa na mtu mmoja tu wa kuchonga mstari kama ule, na kichwa cha Romanus mwenyewe kilikuwa na mstari huo huo.

"Daktari," akasema polepole, "mtu akigeuzwa shingo mpaka ikalia kah! Kama kule saluni."

Daktari Kornelia alishazunguka meza. Akamwinua kidevu, akammulika jicho moja, kisha la pili. "Lini?"

"Jumamosi."

"Kichwa kinauma?"

"Sasa hivi kimeanza."

"Hicho ni cha woga. Macho yako yako sawa. Toa mikono shingoni, na usiigeuze tena maisha yako yote."

Romanus alitoka hospitalini akitembea kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Dereva wa Landrover alimsalimia kutoka pembeni, na Inspekta akageuka mwili mzima kumwitikia.

Saluni ya Praygod ilikuwa kando ya njia ya Maisaka, ukutani imechorwa vichwa vya watu wasiofanana na mtu yeyote. Praygod alikuwa kijana wa kifua kipana, mgeni mjini, mcheshi kupita kiasi. Romanus alipoingia, kulikuwa na mteja kitini, taulo shingoni, macho kafumba kwa raha. Mkono mmoja wa Praygod ulikuwa kwenye kidevu cha mteja na mwingine nyuma ya sikio.

"Acha!" Romanus alipiga kelele mpaka mashine ya kunyolea ikaanguka kutoka mezani.

"Mambo vipi, afande? Karibu, foleni si—"

"Toa mikono kwa huyo mtu."

Mteja alifungua macho, akaona sare, akaondoka na taulo shingoni bila kuuliza. Romanus akafunga mlango.

"Paskali, fundi seremala. Alinyoa hapa lini mara ya mwisho?"

"Marehemu? Ilikuwa kabla ya kipaimara cha binti yake. Alitaka atoke vizuri kwenye picha."

"Ulimgeuza shingo?"

"Kila mteja, afande. Ni nyongeza tu, huwa sidai kitu. Hata wewe."

"Najua hata mimi!" Romanus akajizuia kushika shingo. "Yake ililia?"

Praygod akainama kuokota mashine. "Kulia ililia. Kushoto ikagoma. Akasema nirudie, hawezi kutoka upande mmoja umelegea na mwingine bado. Nikarudia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikalia. Niliweka nguvu kidogo."

"Akasemaje?"

"Akasema ameona nyota. Akacheka, akashukuru." Sauti ya Praygod ilianza kupungua. "Kwani kuna nini, afande? Si alikunywa chai ya mkewe?"

"Nani alikufundisha kugeuza shingo?"

"Jamaa yangu wa Arusha."

"Naye alifundishwa na nani?"

"Aliona kwenye mkanda wa video. Ya karate."

"Kwenye mkanda huo, aliyegeuzwa shingo aliinuka?"

Praygod akakaa kwenye kiti cha wateja, na kwenye kioo uso wake ukawa wa majivu. Romanus alimwona akitazama mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamwonea mtu huruma.

"Sikujua, afande. Haki ya Mungu sikujua."

"Mlikuwa wengi msiojua. Baada ya mazishi, nani wa familia ile alikuja kwako?"

Walikuja wanaume wote. Zamani mzee mmoja wa ukoo angewanyoa wafiwa nyumbani kwa wembe mmoja, kichwa hadi kichwa. Lakini tangu watu wahubiriwe habari za UKIMWI kila Jumapili, ukoo uliamua wembe ule upumzike, na wafiwa waende kwenye mashine. Walifanya busara. Kwa bahati mbaya busara yao iliwaleta kwa Praygod.

"Wazee walikataa kuguswa shingo," Praygod akasema. "Walisema hawajaja kupigana. Ni Sylvesta tu aliyekubali. Alisema hajalala tangu msiba, shingo imekuwa mti."

"Ililia?"

"Kushoto iligoma."

Simu ya Romanus ililia mfukoni, na wote wawili wakaruka. Alikuwa Koplo Vailet, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine nyingi.

"Afande, njoo haraka! Jicho la Sylvesta limelala. Amesimama katikati ya watu anawaonyesha. Wanasema Mama Fabiola ameanza na mumewe, sasa anammaliza shemeji yake. Nimeegemea mlango, lakini wameleta mafuta ya taa."

Romanus akamshika Praygod bega. "Funga saluni. Nenda kituoni kwa miguu yako, waambie nimesema wakuweke ndani. Usisimame kuongea na mtu njiani. Wakikujua kabla sijawatuliza, lile tairi litakuhusu wewe."

Praygod aliondoka mbio, mlango akiuacha wazi.

Njiani Romanus alimpigia Daktari Kornelia, naye akamjibu kwa kifupi kwamba mgonjwa asipige kelele, asitikiswe, asigeuze shingo, na aletwe sasa hivi. Romanus alikata simu akijiuliza atamzuiaje mtu asipige kelele katikati ya watu waliokuja kupiga kelele.

Tairi lilikuwa limelala katikati ya geti. Dereva akasimamisha gari nje, na Romanus akaingia kwa miguu, akilizunguka bila kulitazama. Chini ya turubai hakuna aliyekuwa ameketi. Vichwa vilivyonyolewa viling'aa juani, na kati yao alikuwepo Sylvesta, galoni ya mafuta miguuni, jicho la kulia limetoka na la kushoto limelala nusu. Mlangoni mwa nyumba Vailet alikuwa amebana mgongo kwenye ubao, kofia imemwanguka.

"Umeona, Inspekta?" Sylvesta akapaza sauti. "Ulisema tusubiri vipimo. Vipimo ni hivi hapa usoni kwangu! Amemla kaka yangu, sasa—" Akatupa kichwa kuelekea mlangoni.

"Usigeuke!"

Romanus mwenyewe hakujua kwamba ana sauti kubwa kiasi hicho. Hata kuku walinyamaza. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, na watu wote waliona kwamba inatetemeka.

"Sylvesta, nakuomba. Tazama mimi tu, usiigeuze shingo. Kichwa kinakuuma upande huo huo wa jicho?"

"Kinauma."

"Na shingo?"

"Tangu juzi."

"Mama Fabiola amekupikia chochote juzi?"

"Apike wapi? Tumemfungia tangu mazishi."

"Amekugusa?"

"Nani aguswe na mchawi?"

"Basi nani amekushika shingo?"

Mkono wa Sylvesta ukapanda taratibu mpaka kwenye kidevu, ukakaa pale, mahali ulipokuwa mkono wa mtu mwingine.

"Nilikuwa nanyolewa," akasema.

Wanaume wenye vichwa vipya wakaanza kugusa shingo zao, mmoja baada ya mwingine.

"Paskali naye alinyolewa pale pale," Romanus akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, kwa sababu walikuwa wanamsikiliza. "Alikuwa anajiandaa na kipaimara. Shingo yake iligoma upande wa kushoto, akaomba arudiwe. Mshipa ukachanika ndani, ambako hakuna anayepaona. Daktari ameupata. Damu yake mwenyewe ndiyo iliyoendelea kuuchana siku zote zile, mpaka asubuhi ya chai. Kinyozi hakujua alichokifanya, na sasa hivi yuko mikononi mwa polisi."

Shangazi wa Paskali na Sylvesta, bibi wa Mbulu aliyejitanda shuka jeusi, akaweka mkono kifuani. "Siku ile ya kipaimara," akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Paskali alishika shingo kanisani misa yote. Mimi nilikaa nyuma yake. Nikasema labda ni baridi."

Aliyasema akitazama chini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ametunza ufunguo wa chumba. Akautoa kwenye pindo la shuka, akampa Vailet.

Hasira yote ilikuwa imemtoka Sylvesta, na bila hasira hakubaki na kitu ila hofu. "Inspekta, nitakufa?"

"Jicho la kaka yako hakuna aliyelielewa. Lako tumelielewa mapema. Daktari anakusubiri. Lakini ni lazima ufike bila kutikisika, na barabara ya kutoka hapa unaijua."

Waliijua wote. Ilikuwa na mashimo ya kumwangusha ng'ombe. Romanus akaomba mtu wa kukaa nyuma ya gari na kumshika kichwa, na wale wanaume waliokuwa tayari kumwua mwanamke mmoja wakarudi nyuma hatua. Kila mmoja alitazama mikono yake kana kwamba ni ya Praygod. Romanus hakuwalaumu. Hata yeye hakuthubutu.

Mlango ukafunguka. Xaveria alitoka akifumba macho kwa sababu ya jua, midomo imemkauka. Alilitazama turubai, galoni, kisha uso wa shemeji yake. Akasogea mpaka mbele yake, na watu wakampisha. Kwa muda mrefu alilitazama lile jicho.

"Ndivyo lilivyoanza," akasema.

Kisha akavua kanga ya mabegani, akaikunja mara nne, akatoka getini, akapanda nyuma ya Landrover. Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaiweka kanga mapajani.

"Mlazeni hapa. Polepole. Kichwa mniachie mimi."

Wakamlaza. Romanus akapanda pembeni yao. Dereva akawasha injini, akangoja, kwa sababu pa kugeuzia gari palikuwa pale pale getini, na tairi bado lilikuwa njiani. Vijana waliolileta walitazamana. Mwishowe wawili wao wakaliinua, wakaliviringisha mpaka nyuma ya migomba, na hawakurudi.

Xaveria alikuwa amemshika shemeji yake kichwa kwa viganja vyote viwili, masikio yakiwa ndani ya viganja. Romanus aliona kwamba vidole vya mwanamke huyo vinatetemeka kama vyake mwenyewe, ila havilegei. Sylvesta alimtazama kwa jicho lake zima. Machozi yalimtiririka kuelekea kwenye mikono ile.

"Shemeji," akanong'ona. "Usiniachie."

Mbele yao kulikuwa na shimo la kwanza.

"Nyamaza," Xaveria akamwambia. "Usigeuke." Akakibana kichwa kwa nguvu zake zote, na gari likaingia shimoni taratibu.